Nyati Hapandi Lori: Nyama, Magonjwa na Minada Kati ya Usambara na Mkomazi

Mponde inajulikana kwa chai. Kiwanda chake, kilichofungwa mwaka 2013 kwa mgogoro wa wakulima na mwekezaji, ndicho kilichoivumisha kata hiyo ya Halmashauri ya Bumbuli nje ya mkoa wa Tanga. Ng'ombe wake hawana sifa hiyo. Wanafugwa mmoja mmoja au wawili wawili, zizini nyuma ya nyumba, wakikatiwa majani ya tembo na gwatemala kwenye kingo za matuta, na kazi yao kubwa ni maziwa na samadi. Dume akikua huuzwa, jike akizeeka huuzwa. Lakini nyama inayoning'inia mabuchani Soni, Bumbuli na Lushoto siku za gulio haiwezi kutoka kwenye mazizi hayo peke yake. Walaji wa milimani wanategemea pia ng'ombe wa tambarare: wa bonde la Pangani, wa Korogwe na Handeni, na wa nyika ya Umba kaskazini mwa milima.

Anayesimama Mtae, kwenye ukingo wa kaskazini wa Usambara ya Magharibi, huiona nyika hiyo ikitandaa chini yake hadi Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi na, ng'ambo ya mpaka, Tsavo Magharibi ya Kenya. Mkomazi ilikuwa pori la akiba tangu 1951, ikapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Ina kilomita za mraba 3,245. Mto Umba unazaliwa katika misitu ya milimani, unashuka nyikani na kuelekea pwani ya Vanga. Kiangazi kinapokaza, maji yakabaki mahali pachache, ng'ombe wa wafugaji wa pembezoni na nyati wa hifadhini hutafuta majani na maji yale yale.

Kutoka Loliondo hadi bonde la Okavango, kila palipo na mifugo karibu na wanyamapori huulizwa swali moja: nyama ya ng'ombe waliochungwa mahali penye nyati itauzwaje bila kusafirisha ugonjwa? Kwa muda mrefu jibu lililozoeleka lilikuwa kutenganisha, ama kwa uzio, ama kwa kuwahamisha watu na mifugo yao. Kwa Afrika Mashariki jibu hilo limemwandama mnyama ambaye si mkosaji mkuu. Ugonjwa unaofunga masoko ya nyama hapa husafiri zaidi na ng'ombe mwenyewe, kwa miguu na kwa lori, kutoka mnada mmoja hadi mwingine.

Ushahidi wa kwanza uliachwa na sotoka. Ugonjwa huo uliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 na kufika Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890. Uliua sehemu kubwa ya ng'ombe wa Wamaasai na wa makabila mengine, ukaua nyati na nyumbu pia, na nyuma yake ikaja njaa. Katika nyika ya Uzigua, kusini mwa Usambara, mwanahistoria James Giblin ameonyesha jinsi vichaka vilivyorudi jamii zilipopoteza mifugo na uwezo wa kuimiliki ardhi yao, na pamoja na vichaka wakaja mbung'o na kupe. Robert Koch, aliyefika koloni la Wajerumani mwaka 1897 na kupanda hadi Kwai, karibu na Lushoto, kuchunguza malaria, alichapisha mwaka 1898 ripoti za safari zake. Ndani yake sotoka, homa ya kupe na ugonjwa wa mbung'o vimepewa nafasi sambamba na maradhi ya binadamu. Nchi ilikuwa inaugua pamoja na mifugo yake.

Miongo mingi baadaye wataalamu wengi waliamini kwamba sotoka haiwezi kuisha maadamu kuna nyumbu na nyati porini. Walter Plowright na wenzake, wakifanya kazi Muguga nchini Kenya, walitengeneza chanjo iliyochanjwa ng'ombe tu. Matokeo yaliwashangaza wengi. Ng'ombe wa kuzunguka Serengeti walipokingwa, sotoka ilitoweka kwa nyumbu ambao hakuna aliyewagusa kwa sindano. Nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamepita milioni 1.2. Mlipuko wa mwisho uliothibitishwa duniani ulitokea mwaka 2001 kwa nyati wa Hifadhi ya Meru, Kenya, na mwaka 2011 ulimwengu ulitangazwa kuwa huru na sotoka. Mnyamapori aliyeshutumiwa kwa miaka mingi kumbe alikuwa anaambukizwa na ng'ombe.

Ugonjwa wa miguu na midomo una sura tofauti, na haifai kumsafisha nyati kupita kiasi. Virusi vyake viko vya aina saba, na tatu kati ya hizo, SAT 1, SAT 2 na SAT 3, zimeishi na nyati wa Afrika kwa vizazi vingi. Nyati anaweza kubeba virusi kooni kwa miaka bila kuonyesha dalili yoyote. Ndama wake wanapopoteza kinga ya maziwa ya mama huambukizana, na kundi likabaki na virusi mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo pale nyati walipo, hakuna chanjo ya ng'ombe itakayoufuta ugonjwa huu kama ilivyofutwa sotoka.

Mfugaji huujua ugonjwa huo kwa macho. Ng'ombe hutoa mate yanayovutika kama uzi, anaacha kula, anachechemea. Ulimi na fizi huota malengelenge yanayopasuka na kuacha vidonda vyekundu. Kati ya kwato hivyo hivyo. Ng'ombe mzima hufa kwa nadra, lakini maziwa hukatika, maksai hawezi kulima, na ndama wachanga wanaweza kufa ghafla kwa kuharibika moyo. Binadamu kwa kawaida haumdhuru. Hasara kubwa iko kwenye biashara, kwa sababu nchi yenye ugonjwa huu hufungiwa masoko ya nyama yanayolipa vizuri zaidi duniani. Nchi zilizo huru huogopa kwa sababu nzuri: mlipuko wa mwaka 2001 nchini Uingereza ulimalizika baada ya wanyama zaidi ya milioni 6 kuchinjwa.

Kusini mwa bara, jawabu lilikuwa waya. Botswana ilianza kujenga nyua za mifugo katika miaka ya 1950, na uzio wa Kuke ulikatiza Kalahari mwaka 1958. Nyua hizo ziliisaidia nchi kuuza nyama Ulaya kwa bei nzuri, hasa baada ya Mkataba wa Lomé wa 1975, na fedha hizo zilijenga vijiji vingi. Gharama yake ililipwa porini. Katika ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 makumi ya maelfu ya nyumbu walikufa wakizuiwa kufuata maji kama walivyozoea. Wafugaji wa Ngamiland waliobaki upande wa nyati nao waliuza ng'ombe wao kwa bei ya chini, au hawakuuza kabisa. Na waya haukuzuia kila kitu: mwaka 1995 homa ya mapafu ya ng'ombe iliingia Ngamiland, na serikali ikachinja ng'ombe wapatao 320,000 ili kuimaliza.

Je, uzio kama huo ungefaa Mkomazi? Hesabu ya kwanza ni ya kijiografia. Hifadhi hiyo na Tsavo ni mfumo mmoja wa ikolojia, na tembo na wanyama wengine huvuka mpaka kufuata mvua. Hesabu ya pili ni ya kisayansi, na ndiyo nzito zaidi. Mwaka 2018 jarida la Nature Ecology & Evolution lilichapisha matokeo ya utafiti wa miaka kadhaa kaskazini mwa Tanzania, uliofanywa na watafiti wa Tanzania na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow na taasisi nyingine. Walichukua sampuli za ng'ombe na za nyati, wakafuatilia aina za virusi zilizokuwa zikiugusa mkoa baada ya mkoa. Waligundua kwamba milipuko kwa ng'ombe huenda kwa mawimbi: aina moja hutawala, hupita polepole katika eneo zima, kisha nyingine huchukua nafasi. Kilichoeleza milipuko hiyo kilikuwa mambo ya mifugo yenyewe. Maambukizi ya mara kwa mara kutoka kwa wanyamapori hayakuonekana, tofauti na ilivyo kusini mwa Afrika.

Tofauti hiyo ina maelezo yanayoeleweka. Kusini, ng'ombe wamedhibitiwa kiasi kwamba chanzo kikubwa kilichobaki ni nyati. Kwetu ng'ombe hawajadhibitiwa, na virusi vyao wenyewe vinatosha kuendeleza ugonjwa bila msaada wa mnyamapori yeyote. Anayejenga uzio mahali kama hapa anaziba mlango wa nyuma wakati wa mbele uko wazi mchana na usiku.

Mkomazi imeshaona utengano wa aina nyingine. Mwaka 1988 serikali iliwaondoa wafugaji waliokuwa wakiishi na kuchunga ndani ya pori la akiba. Baadhi yao walikwenda mahakamani, na shauri lilifika Mahakama ya Rufani mwaka 1999 bila wao kupata haki ya kurudi. Sababu iliyotajwa ilikuwa uharibifu wa mazingira, wala si magonjwa. Dan Brockington, aliyeandika kitabu kizima juu ya tukio hilo, ameeleza jinsi lilivyowaumiza wafugaji kimaisha. Kwa upande wa magonjwa, ni vigumu kuona faida. Makundi yaliyokuwa yametawanyika katika eneo kubwa yalibanwa pembezoni, karibu na mashamba na barabara, na mengine yakahama kwenda mbali. Hadi leo, ukame unapobana, ng'ombe huingizwa hifadhini kwa kificho, hukamatwa, hutozwa faini. Ng'ombe anayechungwa kwa kujificha hafikishwi kwenye josho wala hachanjwi, na mwenye naye hatampigia simu bwana mifugo akimwona anatoa mate.

Sasa tufuate lori.

Biashara ya ng'ombe Tanzania ina ngazi. Kuna minada ya awali inayosimamiwa na halmashauri, ambako mfugaji huleta wanyama wawili watatu. Kuna minada ya upili kama Weruweru mkoani Kilimanjaro, ambako wafanyabiashara hukusanya makundi makubwa. Mwisho wa safari kwa wengi ni Mnada wa Pugu, Dar es Salaam, kisha machinjioni kama Vingunguti. Ng'ombe mmoja anaweza kupita mikono mitatu au minne kabla ya kisu. Katika kila mnada anasimama bega kwa bega na wageni kutoka wilaya ambazo mwenye naye hajawahi kuzifikia. Wasiouzwa hurudi nyumbani jioni hiyo hiyo na chochote walichokipata pale. Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko mbuga yoyote, na panazungumzwa kidogo sana.

Sheria haijalala. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inataka ukaguzi na kibali cha kusafirisha mifugo. Lakini tazama kibali hicho kinavyopatikana. Bwana mifugo mmoja anafika asubuhi, ng'ombe wanamiminika kwa mamia, vumbi limetanda, madereva wanapiga honi. Anapita kati ya makundi akitafuta mate na wanaochechemea. Anayemtilia shaka hushikwa pua na pembe, mdomo unafunguliwa, ulimi unavutwa pembeni ili chini yake paonekane. Hawezi kufungua kila mdomo. Na hata angeweza, mnyama aliyeambukizwa huanza kutoa virusi kabla vidonda havijatokea. Ugonjwa hujificha siku 2 hadi 14. Kibali kilichoandikwa kwa uaminifu saa nne asubuhi kinaweza kuwa si kweli tena siku ya tatu, ng'ombe akiwa Chalinze.

Wapo pia wasiotaka kibali. Njia za panya kati ya Tanzania na Kenya ni za zamani kuliko mpaka wenyewe, na wafugaji wa pande zote mbili ni ndugu. Mwaka 2017 serikali ya Tanzania ilikamata na kupiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya waliovuka kutafuta malisho mkoani Kilimanjaro. Mwaka huo huo vifaranga 6,400 vilivyokamatwa Namanga viliteketezwa kwa hoja ya kuzuia magonjwa. Hatua hizo zilizua malalamiko makubwa ya kidiplomasia. Kitaalamu zina kasoro ya wazi. Mfugaji anayejua kwamba akionekana atapoteza kundi zima hatatoa taarifa ya ugonjwa, atahama usiku. Na ng'ombe waliokamatwa kwa hofu ya magonjwa, wakisha kuuzwa mnadani, huchanganyika na wa wenyeji papo hapo.

Zana za kuzuia zipo, na kila moja ina mpaka wake. Chanjo ya miguu na midomo hukinga kwa miezi michache tu, na lazima ilingane na aina ya virusi inayovuma. Hutengenezwa Botswana na Kenya. Kuwachanja ng'ombe zaidi ya milioni 35 wa Tanzania mara mbili au tatu kila mwaka ni ndoto. Ndiyo maana matokeo ya 2018 yana thamani ya vitendo: kama wimbi la aina moja linaonekana linakuja, chanjo ya aina hiyo inaweza kupelekwa mbele yake, kwanza kwa wilaya zenye minada mikubwa. Hilo linahitaji maabara inayojibu kwa siku chache, na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania tayari ina kituo jijini Tanga.

Kituo hicho cha Tanga kina historia inayostahili kukumbukwa. Wakati huo kikiwa taasisi ya utafiti wa mbung'o na nagana, ndicho kilichozalisha madume tasa wa mbung'o waliomwagwa kwa ndege juu ya Unguja kati ya 1994 na 1997, hadi mbung'o wakaisha kabisa kisiwani. Mafanikio hayo hayawezi kuhamishiwa Mkomazi kama yalivyo, maana nyika haina bahari ya kuzuia mbung'o wapya wasiingie. Funzo linalohamishika ni la josho. Dawa nyingi za kuogeshea za siku hizi huua kupe na mbung'o kwa pamoja, kwa hiyo ng'ombe anayeogeshwa kwa ratiba hukingwa dhidi ya ndigana kali ya kupe na kupunguziwa nagana ya mbung'o kwa gharama moja. Majosho mengi ya serikali yalikufa baada ya huduma za mifugo kuachwa kwa soko huria katika miaka ya 1990. Kuyafufua karibu na hifadhi kungepunguza vifo vingi kuliko mita yoyote ya waya. Kwa ndigana, tahadhari moja inahitajika: vimelea vinavyotoka moja kwa moja kwa nyati vinaweza kuipita nguvu chanjo ya kawaida, kama majaribio ya Ol Pejeta nchini Kenya yalivyoonyesha. Pale ng'ombe wanapochanganyika sana na nyati, josho haliachwi kwa kuwa sindano imeshachomwa.

Upande wa pili wa suala uko machinjioni, na hapa dunia imebadilika kuliko wafugaji wengi wanavyojua. Zamani nyama ilipimwa kwa mahali ilikotoka: eneo likiwa na ugonjwa, nyama yake haitakiwi. Mwaka 2012 wataalamu wa nchi za Kusini mwa Afrika, wakikutana Phakalane, Botswana, walitoa tamko la kutaka nyama ihukumiwe kwa jinsi ilivyoandaliwa. Mwaka 2015 Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lililegeza kanuni zake kwa mwelekeo huo. Ng'ombe akae karantini au kwenye shamba moja siku 30, pasiwe na mlipuko ndani ya kilomita 10, akaguliwe kabla na baada ya kuchinjwa. Nyama ining'inizwe angalau saa 24 katika joto linalozidi nyuzi 2, itolewe mifupa na tezi, na kipimo chake cha pH kiwe kimeshuka chini ya 6.

Sababu yake ni rahisi kueleweka. Misuli ya mnyama aliyechinjwa hubadilisha sukari yake kuwa asidi, na asidi hiyo huviua virusi. Kwenye mifupa, tezi, kichwa na kwato asidi haifiki vya kutosha, kwa hiyo sehemu hizo huondolewa. Mpimaji huchomeka kijiti cha mashine katikati ya mnofu mrefu wa mgongo, kushoto na kulia, na kusoma namba. Ikiwa 5.7, mzoga unapita. Ikiwa 6.2, unabaki nje, hata kama ng'ombe alikuwa mzima kabisa.

Na mara nyingi namba hukataa kushuka kwa sababu ya safari. Ng'ombe aliyesimama ndani ya lori siku nzima bila maji, akapigwa fimbo kuteremshwa, akalala njaa, hufika kisuni akiwa ameshaitumia sukari yote ya misuli. Nyama yake huwa nyeusi na ngumu na asidi haitoshi. Basi upole kwa mnyama barabarani ni sehemu ya udhibiti wa ugonjwa, yenye uzito sawa na chanjo. Kituo cha kupumzishia chenye maji na kivuli kingekuwa na kazi kubwa kuliko kizuizi kingine cha kukagua karatasi.

Wazo la kuitibu nyama yenyewe si geni Tanzania. Tanganyika Packers, iliyoanzishwa Kawe baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ilisafirisha nje nyama ya makopo kwa miongo kadhaa huku ugonjwa wa miguu na midomo ukiwa umeenea nchi nzima. Joto la kopo lilimaliza virusi, na mnunuzi hakuwa na sababu ya kuuliza ng'ombe alichungwa wapi. Kiwanda kilikufa; viwanja vyake vinajulikana leo kwa mikutano ya hadhara na ya injili. Siku hizi vipo viwanda vipya kama kile cha Longido na kile cha Soga, Kibaha, vinavyouza zaidi nyama ya mbuzi na kondoo katika nchi za Ghuba. Nyama ya ng'ombe iliyotolewa mifupa kwa kanuni za 2015 bado ni nafasi iliyo wazi.

Kenya jirani inaiwania. Huko Bachuma, Taita Taveta, kando ya nchi ya Tsavo, serikali yake imetenga eneo la karantini la ekari 15,000 kwa ajili ya mifugo ya kusafirishwa kupitia Mombasa. Mradi umekwenda kwa kusuasua kwa miaka mingi. Hata hivyo fikra yake ni sahihi: kutafuta namna ya kuuza kutoka katikati ya nchi ya wanyamapori bila kungoja wanyamapori waondoke.

Mlaji wa Mponde haulizi habari za pH. Nyama yake ni ya moto, imechinjwa alfajiri, ina mifupa yake yote, na supu ya kongoro inachemka kabla jua halijapanda. Kwa miguu na midomo hana la kuogopa. Hatari zake ni nyingine, na hapa ndipo sera zimeegemea mno kwenye magonjwa ya soko la nje. Kimeta humuua binadamu. Mwezi Desemba 2016 nyumbu zaidi ya 100 walikufa kwa kimeta Selela, wilayani Monduli. Mbegu za ugonjwa huo hukaa udongoni kwa miongo na kumngoja ng'ombe. Homa ya Bonde la Ufa iliyofuata mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 iliua watu zaidi ya 100 nchini Tanzania, na miongoni mwa walio katika hatari kubwa ni wachinjaji na wanaogusa damu. Desturi ya kumuwahi ng'ombe mgonjwa kwa kisu kabla hajafa, ili mwenye naye asikose vyote, ndiyo inayoleta kimeta mezani. Mfugaji hafanyi hivyo kwa ubaya. Hakuna anayemlipa akizika mzoga wa laki kadhaa. Fidia ndogo kwa mzoga uliotolewa taarifa ingeokoa maisha, na ingewapa wataalamu habari za mlipuko siku ya kwanza.

Yote haya yanasimama juu ya jambo moja, kumjua ng'ombe ni yupi na ametoka wapi. Tanzania ilipitisha sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo mwaka 2010. Kampeni ya hereni za kielektroniki ilipoanza ilikutana na upinzani: wafugaji walilalamikia gharama, na wengi walihisi kuhesabiwa ni mwanzo wa kutozwa au kupunguziwa mifugo. Ikasitishwa. Juni 2025, huko Bariadi mkoani Simiyu, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni mpya ya kitaifa inayounganisha utambuzi na chanjo yenye ruzuku, ya homa ya mapafu kwa ng'ombe na ya sotoka ya mbuzi na kondoo. Kuunganisha hivyo ni busara, kwa sababu mfugaji anapata kitu mkononi siku hiyo hiyo anayovalisha hereni. Pembezoni mwa hifadhi kama Mkomazi, miguu na midomo ingestahili kuongezwa kwenye orodha, kwa aina ya virusi inayovuma mwaka husika.

Linabaki suala la nani atalipia siku 30 za karantini. Mfugaji hatakubali kulisha ng'ombe mwezi mzima kwa ajili ya karatasi. Atakubali kumnenepesha. Ng'ombe anayelishwa mashudu ya pamba, pumba na molasi kwa miezi mitatu huongeza kilo, na katika miezi hiyo, akiwa amefungiwa mahali pamoja na kuchanjwa mara mbili, ametimiza sharti la siku 30 la kanuni za kimataifa bila kulifikiria. Ranchi ya Taifa ya Mzeri, Handeni, iko katikati ya njia ya ng'ombe wa Tanga kwenda Pugu, na inaweza kutengewa vitalu vya kazi hiyo kwa wafugaji wadogo wanaoingia kwa makundi na kutoka kwa makundi.

Kwa sasa, katika minada mingi, ng'ombe mwenye hereni na chanjo husimama kando ya asiye na chochote, na dalali huwakadiria wote kwa jicho, akiangalia nundu na mapaja. Halmashauri za Lushoto, Bumbuli, Korogwe na Handeni zinatoza ushuru kwa kila kichwa kinachouzwa. Zinaweza kukubaliana kumpunguzia ushuru mwenye rekodi ya chanjo, na kutenga sehemu ya makusanyo kumlipa mkaguzi wa pili siku ya mnada.